Aloi za reakta zinapotoa majibu ya ajabu: tafuta chanzo kuanzia kwenye mashine, kisha ndani ya metali

Umefunga kipande cha chuma cha pua kwenye mashine ya kuvuta, umekipasha hadi nyuzi 300 za Selsiasi, umekivuta, na grafu iliyotoka haifanani na yoyote uliyowahi kuiona. Wazo la kwanza huwa ni kwamba mionzi imeiharibu metali. Mara nyingi si hivyo. Kibano kimeteleza, au kipimajoto kilikuwa kinasoma joto la ukuta wa tanuri badala ya joto la kipande, au kipande kilikatwa upande usio sahihi wa bamba. Nimeona kazi ya miezi ikitupwa kwa sababu mtu aliikimbilia hadubini ya elektroni kabla hajaangalia alama za meno ya kibano.

Nimepanga mwongozo huu kwa dalili, zile ambazo watu huziripoti tena na tena. Chini ya kila dalili, kisababishi kinachotokea sana kinatangulia na kile cha nadra kinafuata, na ukaguzi usiohitaji gharama unakuja kabla ya ule unaohitaji vifaa vikubwa. Tafadhali usiruke hatua.

Kabla ya kugusa chochote

Kipande kilichokaa ndani ya reakta hakifanani na ndugu yake wa kabatini hata kama macho yanawaona sawa. Chuma kilichopigwa na nyutroni huwa na kobalti-60, na miale yake ya gama haionekani wala hainuki. Usikipige tupa, usikisugue, usikikate nje ya chumba maalumu chenye kuta za kuzuia mionzi. Ukikuta sampuli haina lebo, au lebo yake imefutika, simama na umwite afisa wa kinga ya mionzi kabla ya kuisogeza.

Unga na nyuzi laini za zirkoni zinazobaki baada ya kukereza hushika moto kwa urahisi. Maji hayazimi moto huo. Zirkoni yenye joto kali huipora maji oksijeni yake na kuacha hidrojeni, ambayo nayo huwaka. Tumia mchanga mkavu au kizima moto cha metali, na moto ukishakua toka nje uwaite wazima moto. Asidi ya haidrofloriki, ambayo hutumika kusafisha na kuchora uso wa zirkoni, ni ya watu waliofunzwa tu, tena jeli ya kalsiamu glukoneti ikiwa karibu. Kuungua kwake kunaweza kuchelewa kuuma, na maumivu yanapoanza asidi inakuwa imeshaingia ndani.

Dalili: mstari wa mwanzo wa grafu umelala mno

Chuma cha pua aina ya 316 kina moduli ya Young, yaani kipimo cha ukinzani wa metali dhidi ya kunyooka, ya karibu GPa 195 kwenye joto la kawaida. Aloi za zirkoni ziko karibu GPa 95, na aloi za nikeli kama 600 na 690 huvuka GPa 200 kidogo. Ukipata 40 kwa chuma cha pua, usiitafute sababu ndani ya metali. Moduli inategemea nguvu ya vifungo vya atomi, na haibadilishwi kiasi hicho na mionzi, uchomeleaji wala tofauti za myeyuko mmoja na mwingine.

Kisababishi cha kwanza, kwa mbali sana, ni kupima mrefuko kwa mwendo wa boriti ya mashine. Fito, pini na vibano navyo vinanyooka, na vipande vidogo vinavyopendwa katika kazi za reakta, vyenye urefu wa kupimia wa milimita chache tu, huchangia sehemu ndogo ya mwendo wote. Funga ekstensomita, kifaa cha kupima mrefuko, juu ya kipande chenyewe, au tumia kamera kufuatilia alama mbili zilizochorwa juu yake. Ukishindwa yote mawili, ondoa mnyumbuko wa mashine kwa hesabu, ripoti kikomo cha mnyumbuko (mkazo ambao ukizidishwa kipande hakirudi tena kwenye urefu wake) kwa mrefuko wa kudumu wa asilimia 0.2, na moduli usiiripoti kabisa.

Kisababishi cha pili ni kuteleza. Piga mstari mwembamba wa kalamu pale kipande kinapoingilia kwenye kibano, kisha uangalie baada ya jaribio kama umehama. Cha tatu ni kipande kukaa mshazari. Hapo grafu huanza na mguu uliopinda kabla haijanyooka.

Dalili: grafu ina meno kama ya msumeno

Ukiona meno, badilisha kasi ya kuvuta mara kumi, kisha rudia kwenye joto la kawaida. Majaribio hayo mawili hutenganisha karibu kila kitu.

Meno yakibaki yaleyale kwenye kila joto, tatizo ni mashine: kibano kinachoteleza na kushika, au mipangilio ya udhibiti iliyo mikali mno. Meno yakitokea kwenye ukanda fulani wa joto tu, na kuongeza kasi kukapunguza mkazo badala ya kuupandisha, unaangalia tabia halisi ya metali. Atomi ndogo zilizoyeyuka ndani yake, kama kaboni na naitrojeni, zinazifukuza dislokesheni (kasoro za mstari ndani ya fuwele, ambazo mwendo wake ndio huirefusha metali), zinazikamata, zinazipoteza, zinazikamata tena. Kila jino ni kukamatwa na kuponyoka. Katika vyuma vya kawaida vya vyombo vya shinikizo hali hii hujitokeza takriban kati ya nyuzi 150 na 350. Katika 316 huanza karibu na 250 na inaweza kufika 650 kutegemea kasi.

Kuna wanaoyalainisha meno haya kwa kompyuta ili grafu ipendeze. Naomba usifanye hivyo. Nyuzi 290 hadi 320 ndizo joto la kazi la reakta nyingi za maji, kwa hiyo ukanda wa meno unaweza kuangukia palepale metali inapofanya kazi. Humo uwezo wa kurefuka hupungua, na maisha ya uchovu chini ya mizigo ya kwenda na kurudi hupungua pia. Mhandisi anayetumia namba zako anahitaji kuyaona.

Dalili: zirkoni imekatika karibu bila kurefuka

Hii ndiyo dalili inayoletwa zaidi na ndiyo inayochanganya zaidi, kwa sababu zirkoni ina njia nyingi za kuwa nyepesi kuvunjika, na mojawapo si wepesi wa kuvunjika hata kidogo ingawa unaonekana hivyo.

Anza na uso wa kipande. Ukikikata kwa cheche za umeme, cheche huacha tabaka jembamba lililoyeyuka na kuganda upya, limejaa nyufa ndogo, na kila ufa ni mwanzo wa mvunjiko. Liondoe kwa kusugua taratibu, kisha jaribu kipande kingine. Mikwaruzo ya kukatiza upande wa mvuto nayo hufanya vivyo hivyo.

Kisha tazama rangi. Zirkoni iliyopashwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo hugeuka manjano ya majani makavu, halafu buluu, halafu kijivu au nyeupe. Oksijeni haibaki juu tu. Inayeyuka ndani na kuufanya ukingo uwe mgumu na mkavu. Pima ugumu kwa nukta ndogo ndogo kutoka katikati ya unene kwenda ukingoni: namba zikipanda kadiri unavyokaribia uso, umepata jibu, na tanuri lako linahitaji ombwe bora au gesi safi ya argoni.

Tatu, uliza kipande kilikatwa upande gani. Fuwele za zirkoni ni za pembe sita, na ugumu wake kwenye mhimili mrefu wa fuwele hautoshani na ule wa mihimili ya kando. Mrija wa fueli unapotengenezwa kwa kuviringishwa na kuvutwa, mihimili hiyo mirefu huegemea zaidi upande wa unene wa mrija. Kwa hiyo pete iliyokatwa kukatiza mrija na kipande kilichokatwa kwa urefu wake hutoa majibu tofauti hata kama vimetoka kwenye mrija mmoja. Wawili waliopima "Zircaloy-4 ileile", aloi ya zirkoni, wakapata namba zisizopatana mara nyingi wote wako sahihi.

Nne ni hidrojeni, na hapa tukae kidogo. Maji yanapoila zirkoni hutoa hidrojeni, na sehemu yake huingia ndani ya metali. Zircaloy-4 ilipunguziwa nikeli, tofauti na Zircaloy-2, kwa makusudi ya kupunguza hidrojeni inayomezwa. Kwenye joto la kazi metali inaweza kuyeyusha kiasi fulani, sehemu mamia kadhaa kwa milioni ikifika nyuzi 400 na kuendelea. Ikipoa haiwezi kubeba hata kidogo, na hidrojeni yote hugeuka vijipande vya haidraidi, dutu inayovunjika kama kauri. Wingi wake una maana, ila mwelekeo wake una maana zaidi. Vijipande vikilala kuzunguka mrija, ufa unaotaka kutoboa ukuta hukutana navyo vikiwa vimelala ubavu na hupata shida kupita. Vikisimama kutoka ndani kwenda nje, ukuta unakuwa na ngazi iliyo tayari. Kinachovisimamisha ni mkazo wa mzingo wakati wa kupoa. Ndiyo sababu NRC, mamlaka ya udhibiti wa nyuklia ya Marekani, iliweka nyuzi 400 kuwa kikomo cha joto la ganda, yaani mrija wa fueli, wakati fueli iliyotumika inakaushwa na kuhifadhiwa bila maji.

Ukaguzi rahisi: jaribu kipande kimoja kwenye joto la kawaida na kingine kwenye nyuzi 150 au 200. Kikipata uhai kwa kupashwa kidogo tu, haidraidi inashukiwa sana. Hatua ya ndani zaidi ni kukata, kung'arisha na kuchora uso ili kuona mwelekeo wa vijipande, na kupima hidrojeni kwa kuyeyusha kipande ndani ya gesi tulivu. Historia ya joto iandikwe pia, yaani kipande kilifikishwa kwenye joto la jaribio kwa kupashwa kutoka chini au kwa kupozwa kutoka juu. Njia hizo mbili huacha viwango tofauti vya hidrojeni iliyoyeyuka, na majibu hutofautiana.

Kuna sura nyingine ya tatizo hili inayotisha watu asubuhi: kipande kiliachwa kimeshikiliwa na mzigo wa kudumu, hakuna aliyekigusa, na usiku kimekatika. Huu ni ufa wa haidraidi unaokuja kwa kuchelewa. Hidrojeni husafiri taratibu hadi kwenye ncha ya ufa ambako mkazo ni mkubwa, haidraidi inaota pale, inavunjika, ufa unasogea hatua moja, kisha mzunguko unaanza upya. Mabomba ya shinikizo ya zirkoni yenye niobi asilimia 2.5 kwenye kituo cha Pickering nchini Kanada yalipata nyufa za namna hii katikati ya miaka ya 1970, na chanzo kilikuwa viungo vya mwisho vya mabomba vilivyoviringishwa kupita kiasi wakati wa kufunga na kuacha mkazo mkubwa ndani. Kituo hichohicho, tarehe 1 Agosti 1983, bomba la Zircaloy-2 katika reakta ya pili lilipasuka kwa urefu wa takriban mita 2. Huko chemchemi ya kutenganisha ilikuwa imehama, bomba la moto likapinda na kugusa bomba la baridi lililolizunguka, hidrojeni ikakimbilia pale penye baridi na kuotesha malengelenge ya haidraidi. Kwa hiyo ukikuta doa la baridi, mkazo uliobaki baada ya ufungaji, au mguso usiotakiwa, usiseme "ni kidogo".

Tano ni mionzi yenyewe. Zirkoni iliyopigwa na nyutroni hujaa vikwazo vidogo mno vinavyozuia dislokesheni. Dislokesheni za kwanza zinapopita husafisha njia nyembamba, na zinazofuata hupita humohumo. Kurefuka kwote kunajikusanya kwenye mistari michache, na kipande hupata shingo, yaani hukonda mahali pamoja, mara tu baada ya kuvuka kikomo cha mnyumbuko. Kwenye grafu mrefuko sawia, ule wa kabla ya shingo, unashuka chini ya asilimia 1 na mtu anaandika "imevunjika kama kioo". Kabla ya kuandika hivyo, pima eneo la shingo na utazame uso wa mvunjiko. Ukiona eneo limepungua sana na uso una vishimo vidogo vya mviringo, metali ilijinyoosha kwa bidii, ila mahali pamoja tu. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwa anayekadiria kama mrija utapasuka au utavumilia.

Simama hapa kama kipande kinatoka kwenye sehemu inayofanya kazi na umeona haidraidi zilizosimama au malengelenge. Suala hilo ni la mwendeshaji wa mtambo na wataalamu wa mekanika ya nyufa, na linapaswa kuwafikia siku hiyohiyo.

Dalili: chuma cha pua kimekuwa kigumu mno, au kimekatika kwa kufuata mipaka ya punje

Hizi ni dalili mbili zinazosafiri pamoja, lakini zitenganishe. (Punje ni fuwele ndogo zinazoijenga metali.)

Kwa ugumu, chukua sumaku. Aina ya 304 iliyolainishwa haivutwi. Ikivutwa baada ya kukerezwa au kukunjwa kwenye joto la kawaida, sehemu yake imegeuka martensaiti, muundo mgumu wa fuwele unaovutwa na sumaku, kwa nguvu ya kukunjwa huko, na ugumu uliouona ulitokana na karakana. Kumbuka tu kwamba mshono wa kuchomelea huvutwa kidogo hata ukiwa mzima, kwa sababu huwekewa feraiti, muundo mwingine unaovutwa na sumaku, kwa makusudi ili usipasuke unapopoa. Kisha soma cheti cha metali, maana fito zilizonyooshwa kwa baridi huuzwa mara nyingi kwa jina lilelile la zile laini.

Baada ya hapo ndipo uitaje mionzi. Katika reakta za maji, karibu na nyuzi 300, 304 na 316 laini hupanda kutoka kikomo cha mnyumbuko cha chini ya MPa 200 hadi kukaribia mara nne au zaidi, na ongezeko hilo hufikia kikomo chake baada ya dpa chache hadi kumi hivi. (Dpa 1 maana yake kila atomi imeng'olewa mahali pake mara moja kwa wastani.) Ukiona ugumu unaoendelea kupanda kwa kasi ileile baada ya hapo, rudi uangalie hesabu ya dozi.

Kwa mvunjiko wa mipaka ya punje, uliza kwanza kuhusu joto la uchomeleaji. Chuma cha pua chenye kaboni nyingi kikikaa kati ya takriban nyuzi 450 na 850, kaboni hushikana na kromi mipakani, na pembeni mwa mipaka hiyo kromi inapungua hadi kinga ya kutu inapotea. Mabomba ya reakta za maji yanayochemka yalisumbuliwa sana na hili miaka ya 1970 na 1980. Dawa zilizofanya kazi ni kushusha kaboni, kupunguza mkazo uliobaki kwenye mshono, na kuongeza hidrojeni kwenye maji ili kupunguza uoksidishaji wake.

Metali ikiwa na kaboni kidogo, haijachomelewa, na bado inapasuka mipakani, fikiria ufa unaosaidiwa na mionzi. Ukaguzi wa kutenganisha ni kujaribu vipande pacha, kimoja kwenye gesi ya argoni na kingine kwenye maji ya moto yenye kemia ya reakta, kwa mvuto wa polepole sana. Kikipona kwenye argoni na kupasuka kwenye maji, mazingira ni mshiriki. Mwaka 2016, ukaguzi wa reakta ya pili ya Indian Point, Marekani, ulikuta boliti 227 kati ya 832 za kushikilia sahani zinazozunguka kiini zina kasoro. Jambo hili haliishii kwenye maabara.

Dalili: majibu ya Charpy yametawanyika

Jaribio la Charpy huvunja kipande chenye kata kwa pigo moja la nyundo na kupima nishati iliyomezwa. Vipande vitano, joto moja, joule 30, 45, 52, 110, 38. Watu hukasirika, na wengine huifuta ile 110 au ile 30. Hesabu vizuri kwanza.

Muda kati ya kutoa kipande kwenye bafu la baridi na pigo la nyundo haupaswi kuzidi sekunde 5. Pima kwa saa, usikisie. Kipande kikae kwenye bafu la kimiminika angalau dakika 5, na kwenye gesi angalau dakika 30.

Kata ya V ifuate: kina cha milimita 2, pembe ya nyuzi 45, mviringo wa ncha wa milimita 0.25. Kisu cha kukatia kikichakaa, ncha inakuwa butu na namba zinapanda bila haki. Iangalie kwa projekta ya umbo, kila kundi.

Zungusha nyundo bila kipande. Ikisoma zaidi ya karibu sifuri, kuna msuguano. Angalia kingo za vihimili pia kama zimelika.

Halafu mahali. Uso wa bamba nene hupoa haraka wakati wa kugumishwa na huwa na muundo bora kuliko katikati. Sampuli zilizotoka vina tofauti hazipaswi kuwekwa kwenye kundi moja, na mwelekeo wa kubingirishwa kwa bamba uandikwe.

Ukimaliza yote hayo na mtawanyiko ungalipo, inawezekana ni wa haki. Katika ukanda wa mpito, kati ya kuvunjika kwa ukavu na kuchanika kwa ukakamavu, chuma cha feraiti hutawanya majibu kwa asili yake. Mvunjiko unaanzia penye chembe dhaifu, na chembe hiyo kipande kimoja kinayo karibu na kata, kingine hakina. Ile joule 30 ndiyo iliyokutana na chembe hiyo. Kuifuta ni kuficha ushahidi wenyewe ambao jaribio lilifanyiwa, na naandika hivi bila kupunguza neno, kwa sababu chombo cha shinikizo ni sehemu ya mtambo ambayo kwa kawaida haibadilishwi. Ongeza vipande, na ukiweza tumia vipimo vya ukakamavu wa ufa vinavyokubali mtawanyiko ndani ya hesabu yake.

Ukilinganisha chuma kipya na kilichokaa kwenye mionzi, unatafuta jinsi joto la joule 41, yaani joto ambalo kipande humeza joule 41 kinapovunjika, lilivyosogea juu. Kisababishi kikubwa katika mishono ya zamani ni shaba, iliyotumika kupaka waya za kuchomelea, ambayo chini ya nyutroni hukusanyika kuwa vijinundu. Nikeli na manganisi huongeza tatizo. Kanuni za Marekani zinadai ukakamavu wa upande wa juu, yaani kwenye joto ambalo chuma huchanika badala ya kuvunjika kikavu, usishuke chini ya joule 68 bila uchambuzi wa ziada, na zinaweka kizingiti cha joto la mpito cha nyuzi 132 kwa mabamba na mishono ya wima, na 149 kwa mishono ya mzunguko. Vyombo kadhaa vya VVER-440, reakta za muundo wa Kisovieti, vilipashwa karibu nyuzi 475 kwa siku kadhaa ili kurudisha ukakamavu, na kazi hiyo si ya kujaribu bila kundi zima la wataalamu.

Kipande kimoja kikianguka vibaya na uso wake ukaonyesha doa la duara linalong'aa, shuku hidrojeni iliyonaswa tangu chuma kikiwa kinafuliwa. Mwaka 2012 ukaguzi wa mawimbi ya sauti ulikuta maelfu ya dalili za namna hiyo kwenye vyombo vya shinikizo vya reakta za Doel 3 na Tihange 2, Ubelgiji. Usiendelee kukata. Hifadhi nusu zote mbili zikiwa kavu, bila kuzigusanisha, na uite mtaalamu wa kusoma mivunjiko.

Dalili: unga mweupe au kutu karibu na mirija ya aloi ya nikeli

Hii huonekana mtamboni. Aloi ya 600, yenye kromi karibu asilimia 15, hupasuka mipakani mwa punje kwenye maji ya moto ya reakta baada ya miaka mingi, hasa penye mkazo wa mshono. Ufa ukipenya, maji yenye asidi ya boroni hutoka na kuacha unga mweupe. Unga ukibadilika kuwa mwekundu wa kutu, chuma cha kaboni kilicho chini kinaliwa. Kituo cha nyuklia cha Davis-Besse, Ohio, Marekani, mwaka 2002: asidi ilikuwa imechimba shimo katika kifuniko cha chombo cha shinikizo chenye unene wa karibu sentimita 17, ikabaki bitana ya chuma cha pua isiyofikia sentimita moja ikizuia shinikizo lote. Kabla ya hapo vichujio vya vifaa vya kupima mionzi vilikuwa vikiziba kwa kutu, tena na tena, na vilikuwa vikibadilishwa tu.

Hakuna ukaguzi mwepesi wa kufanya mwenyewe hapa. Piga picha, usifute unga, toa taarifa. Mirija mingi mipya hutengenezwa kwa aloi ya 690, yenye kromi karibu asilimia 30.

Dalili: jaribio la mtambao limeisha mapema

Mtambao ni kurefuka polepole kwa metali chini ya mzigo wa kudumu na joto kali. Ukitegemea saa 10,000 ukapata nusu yake, angalia joto kabla ya kitu kingine. Kwa hesabu ya Larson-Miller, inayounganisha joto na muda wa kukatika, ukitumia kigezo cha 20, jaribio lililopangwa nyuzi 600 likiendeshwa kwa bahati mbaya nyuzi 610 litaisha takriban saa 5,350. Nyuzi kumi tu! Fungia vipimajoto vitatu juu ya kipande chenyewe, juu, kati na chini, na uvihakiki kabla na baada, kwa sababu husogea vikikaa miezi kwenye moto.

Mzigo kukaa pembeni ni wa pili. Wa tatu ni kipande chembamba kuliwa na oksidi hadi eneo lake likapungua.

Kwa chuma chenye kromi asilimia 9, kile cha daraja la 91, pima ugumu. Kikiwa laini kuliko inavyotakiwa, matibabu ya joto yalikosewa, na hakuna jaribio litakalokiokoa. Kikiwa na mshono na kimekatika kwenye ukanda mwembamba wa punje ndogo kando ya mshono, hiyo ni tabia inayojulikana ya chuma hiki, na ndiyo inayoamua maisha ya bomba.

Kwa aloi zenye nikeli nyingi zilizotoka kwenye mionzi, mshukiwa ni heliamu. Nikeli-58 humeza nyutroni ikawa nikeli-59, nayo hupigwa tena na kutoa heliamu, ambayo hukusanyika mipakani kama mapovu. Vitenganishi vya aloi ya nikeli X-750 katika reakta za CANDU, zenye muundo wa Kanada, vimepoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kurefuka kwa njia hii. Kuilainisha kwa kupasha hakusaidii. Mapovu hukua zaidi.

Dalili: kipande kimebadilika ukubwa bila mzigo

Pima uzito hewani na majini upate msongamano. Ukishuka, metali imevimba: matundu madogo yameota ndani, kama yalivyogunduliwa kwenye chuma cha pua kutoka reakta ya nyutroni za kasi ya Dounreay, Uskoti, na kutangazwa mwaka 1967. Vyuma vya ostenaiti, kama 304 na 316, vikishaanza kuvimba huongezeka karibu asilimia 1 ya ujazo kwa kila dpa, huku vile vya feraiti na martensaiti vikivimba kidogo sana.

Msongamano ukibaki vilevile na kipande kikawa kirefu, kama ni zirkoni huo ni ukuaji wa mionzi. Fuwele hurefuka upande mmoja na kufupika mwingine, ujazo ukibaki sawa. Vifungu vya fueli hupinda kwa sababu hiyo.

Kipande kilichovimba zaidi ya asilimia chache kinaweza kupasuka kwa kubanwa tu mkononi mwa mashine. Kishike kwa vibano laini, ndani ya chumba chenye kinga, na mtu wa kinga ya mionzi awepo hadi vipande vyote vihesabiwe.